Dokta Felista Alipokuja Kushusha Meza

Usiku ule nililala na nguo za thieta mwilini, kuoga sikuoga, kula sikula, kwa sababu ya hasira. Wanaonijua wanajua: mimi nikikasirika nalala kama gunia la mahindi, siamki wala sioti. Kwa hiyo nilichokiona usiku ule nakisimulia kama kilivyokuja. Anayetaka kusema ni uchovu, aseme. Leo sitagombana naye.

Naitwa Kabula. Ni daktari, nasomea upasuaji wa mifupa kwenye hospitali ya rufaa, na nimefika hapo kwa njia ndefu. Nilianzia utabibu zahanati ya kijijini, nikajisomea mwenyewe mpaka nikaingia udaktari. Kufunga uzi nilijifunzia kwenye mguu wa kiti. Kutoboa mfupa nilijifunzia kwa drili ya jirani yetu seremala na mifupa ya mbuzi kutoka buchani, mpaka mama akawa anauliza hiyo supu itapikwa lini. Kujibu watu sikufundishwa na mtu, nilizaliwa nako.

Asubuhi iliyokuwa inakuja, kwenye ripoti, kile kikao chetu cha asubuhi, mkuu wa idara alikuwa atuulize mmoja mmoja: unabobea wapi. Uti wa mgongo, mikono, magoti, nyonga, watoto. Kila eneo lina bingwa mmoja wa kufundisha, na kila bingwa anachukua mtu mmoja tu. Ukishataja umetaja, ndiyo maisha yako hayo. Mimi jibu nilikuwa nalo tangu siku ya mazishi ya Dokta Felista. Nyonga.

Dokta Felista ndiye alikuwa bingwa wetu wa nyonga. Mwanamke wa kwanza kuishika nyundo ya nyonga pale kwetu, na alipokufa hakubaki bingwa mwanamke mwingine; kufundisha nyonga akapewa mwanaume. Mfupi, mwembamba, sauti ndogo, lakini akiingia thieta hata mtu wa dawa ya usingizi anakaa vizuri kwenye kiti. Saratani ilimchukua haraka, tukawa tunamsubiri arudi kazini, kumbe tunamsubiri mtu anayeondoka. Makaburini walipotafuta mtu wa kusema neno kwa niaba ya wanafunzi wake, nilijitokeza bila kuitwa. Nikasema nyonga za Dokta hazitakosa mwenyewe, nipo mimi. Watu wakapiga makofi, pale pale makaburini. Na mimi nikisema kitu mbele ya kaburi la mtu wangu, nimesema.

Sasa hasira ya siku ile ililetwa na Elisante. Elisante ni mwenzetu, tunasoma wote, na ubaya wake ni kwamba ana roho nzuri, ukimchukia unajiona mkosaji. Alinikuta kwenye benchi nje ya wodi, akakaa na chapati yake, akaanza kunishauri. Akasema nyonga ni kazi ya kuvuta na kugonga, na ajali za bodaboda haziangalii saa. Akasema watoto ndiyo saizi yangu. "Vimiguu vile, dada'angu, unafunga, unamrudishia mama mtoto wake, jioni uko nyumbani. Na wewe utaolewa lini?"

Nilimjibu maneno ambayo hapa sitayaandika. Akacheka mpaka akapaliwa na chapati. Nikamwambia kesho asubuhi atege masikio.

Maana si Elisante peke yake. Ni wote. Masista, wagonjwa, shangazi yangu, bingwa wa magoti ambaye kila nikipita ananiita "Mama Watoto" na sina hata mtoto mmoja. Mwanamke akiingia mifupa ni kama wameshamwekea kiti, kiti chenyewe kidogo, karibu na mlango.

Na kiti kingine ni kile kistuli. Nieleze. Meza ya upasuaji inapanda na kushuka, ina pampu ya kukanyaga kwa mguu. Pale kwetu mazoea ni kuipandisha ifike kiunoni kwa mwanaume mrefu kuliko wote chumbani. Mfupi analetewa kistuli cha chuma apande. Ukiwa juu ya kile kistuli unafanya kazi miguu umeibana, unaogopa kudondoka, na nguvu ya kugonga huipati kwa sababu nguvu inatoka sakafuni. Halafu wanasema, mnaona, wanawake hawana nguvu. Dokta Felista hakupanda kistuli hata siku moja. Alikuwa anaingia, anasimama, anasema kwa ile sauti yake, "Meza ishuke." Wanaume wanainama. Mgongo ukiwauma wanajua wenyewe. Alipokufa, wiki ile ile kistuli kilirudi. Mimi nilikirusha koridoni, nikaandikiwa onyo.

Mwanamke aliyebaki nami ni Hawa. Hawa ni mwenzangu wa mwaka mmoja, na hosteli chumba chake na changu vinagawana ukuta. Yeye haongei. Kila alfajiri akishaswali anaanza kugonga mifupa ya ng'ombe kwa nyundo, anafanya mazoezi, ko, ko, ko, na mimi kila alfajiri naupiga ukuta kwa ngumi anyamaze. Elisante alipomuuliza kesho atataja nini, alisema, "Kitakachobaki." Nikaona sawa, mtu mpole atachukua chochote.

Basi nikajitupa kitandani, nikalala.

Nikajikuta niko thieta, kwenye sinki la kunawia. Taa zimewaka zote na hakuna mtu. Maji yanatiririka. Nanawa mikono, nanawa mpaka viwiko, lakini sabuni haitoi povu. Upande wa pili wa ukuta wanaume wanacheka.

Kicheko kile nakijua. Pale kwetu vyumba vya kubadilishia nguo ni viwili, kimoja kimeandikwa Madaktari, kingine Wauguzi. Kwa Madaktari wanavalia wanaume peke yao, kwa hiyo sisi tunavalia kwa masista. Masista ni watu wazuri, wanatugawia hadi chai yao. Ila kazi zinagawanywa kule, watu wakiwa wanapandisha suruali: nani leo anashika nyundo, nani anashikilia tu mguu wa mgonjwa. Sisi tunapata kicheko kilichopita ukutani. Dokta Felista alivalia kwa masista mpaka mwisho, na alipokuwepo tulikuwa tunakisikia watatu, tunatazamana, tunaendelea kufunga viatu. Alipoondoka kikawa kikubwa. Hawa naye haongei. Kuna siku nimekaa pale na kiatu kimoja mkononi, masista wamenizunguka wanapiga stori zao, na sijawahi kuwa peke yangu kama vile.

Kwenye ndoto nasikia jina langu katikati ya kicheko. Maneno mengine hayafiki. Nikapiga ukuta kwa ngumi. Wakanyamaza. Halafu kwa mbali sana kitu kikajibu: ko, ko, ko.

Nageuka, niko mezani. Kuna mgonjwa amefunikwa kitambaa cha kijani, na meza iko juu. Kistuli kipo. Nikasema moyoni, leo napanda, leo tu, kwa ajili ya Dokta, mradi kazi ifanyike. Nikapanda. Meza ikapanda pia. Chini ya kistuli kuna kistuli kingine, nikapanda. Meza ikapanda. Napanda, inapanda, bila sauti, kama maziwa yanavyopanda kwenye sufuria. Sasa nimeipita taa, joto lake liko miguuni kwangu. Sakafu siioni. Nanyoosha mkono nipewe nyundo, na mkono unabaki hewani, hakuna anayeweka kitu. Nikaita sista. Nikamwita Elisante, hata yeye. Nikaita mama. Sauti haikurudi. Nikabana miguu yangu juu ya kile chuma, nikaogopa kuhema.

Ndipo nikamwona. Yuko chini kabisa, kwenye kona, amekaa kwenye benchi la mbao, na pamoja na umbali ule wote namwona hadi kope. Amevaa ile aproni nzito ya madini ya risasi, ya kujikinga na eksirei. Zote zilishonwa kwa wanaume, ya kwake ilikuwa inampiga chini ya magoti na hakuwahi kuletewa nyingine. Hana viatu.

"Shikamoo, Dokta," nikasema.

Hakuitika. Dokta Felista, ambaye alikuwa akiitika hata shikamoo ya mtoto anayepita dirishani. Alikuwa ameinamisha kichwa pembeni, anasikiliza kitu.

"Shuka," akasema.

Nikamwambia siwezi, nimeshafika.

Hakubishana. Akanyanyuka, akaenda kwenye pampu, akaweka mguu wake mtupu, akakanyaga. Chii. Chii. Meza ikaanza kushuka polepole, kama ng'ombe anavyopiga magoti, na mimi nashuka nayo. Vile vistuli sikuviona vilienda wapi. Nyayo zangu zikagusa sakafu, ya baridi, na nikataka kulia kwa jinsi ilivyokuwa baridi nzuri.

Nikafunua kitambaa. Hakuna mgonjwa. Pana unga mweupe, unga wa plasta ya kufungia mifupa, umemwagika meza nzima. Nikaushika.

Nikinyanyua macho siko thieta tena. Niko kliniki ya watoto wenye miguu iliyopinda tangu kuzaliwa, wengine wanaita miguu kifundo. Siku za kliniki hiyo pale kwetu kina mama wanajaa mabenchi, watoto wananyonya, beseni la maji ya vuguvugu liko katikati. Kwenye ndoto mabenchi yako vile vile, kanga zimetandikwa, beseni linatoa mvuke, lakini hakuna mama hata mmoja. Yuko Dokta tu, amekaa wanapokaa wao. Akaniinulia mguu wake.

Mguu ulikuwa mdogo, wa mtoto mchanga, umegeukia ndani, wayo unatazama juu kana kwamba unaomba kitu.

"Nishikie."

Nikaushika. Hapo lazima niseme kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, na Elisante nilikuwa radhi nife kabla hajakijua. Mguu ule hauvutwi. Unatafuta kwa kidole gumba kifupa kimoja upande wa nje, unakiegemea, halafu kwa mkono mwingine unausogeza mguu kwenda nje, kidogo, kidogo sana, na unasubiri. Ukitumia nguvu umeharibu. Wiki hii unapata kidogo, unafunga plasta, mama anarudi wiki ijayo, unapata kidogo tena. Mimi, ambaye siwezi kusubiri maji yachemke, mimi niliyeandikiwa onyo kwa kurusha kistuli, nikiushika mguu ule kitu fulani ndani yangu kinakaa. Kidole kinasikia mfupa unavyofikiri. Kliniki ile nilikuwa naikimbilia, halafu nikitoka nanuna ili nisionekane nimefurahi. Kwa sababu wameshasema ndiyo saizi yangu. Nikifurahi, wamepatia.

Basi namshika Dokta. Gumba langu limepata kile kifupa. Nasubiri. Mvuke wa beseni unapanda kati yetu, na mguu unaanza kuja, wenyewe, kama mtu anayegeuka usingizini.

"Umenyamaza," Dokta akasema.

Kweli, nilikuwa nimenyamaza. Nikashtuka, nikaanza kuongea mfululizo kama mtu aliyefumaniwa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kesho nataja nyonga. Nikamkumbusha nilivyosema makaburini, watu wote walisikia, hadi mume wake alinishika mkono. Nikamwambia kistuli nimekirusha. Nikamwambia hakuna atakayeisogelea nafasi yake nikiwa hai. Maneno yakanitoka mengi, na yeye ananitazama kama alivyokuwa akiitazama picha ya eksirei, bila haraka, akiiinua kwenye mwanga.

"Mimi niliipenda nyonga, Kabula," akasema. "Wewe unanipenda mimi."

Sikupata jibu. Mimi. Maji ya beseni yakawa yamepoa, na mguu wake uko mkononi mwangu, umenyooka nusu.

Nikamwambia kile kilichobaki, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. "Watasema si tulisema. Watacheka, Dokta."

"Walicheka nilipochagua nyonga," akasema. "Kicheko ni kile kile."

Nikamuuliza na yeye je. Nani atabaki na yeye kule. Nikamwambia siwezi kumwacha peke yake, mimi siachi mtu wangu. Nilikuwa nalia sasa, plasta imenikaukia vidoleni, natamani kufuta pua na siwezi.

Akainamisha tena kichwa pembeni. Ndipo na mimi nikasikia alichokuwa anakisikiliza tangu mwanzo. Ko. Ko. Ko. Mapigo yamepangika, mazito, ya mtu aliyesimama sakafuni na miguu yote miwili.

"Huyo ndiye ananiita kila alfajiri," Dokta akasema. "Wewe unamnyamazisha. Mwambie meza ishuke. Asipande yeye."

Akasimama. Mguu ulikuwa umenyooka, mguu wa mtu mzima, na sikumbuki niliuachia saa ngapi. Akavua ile aproni, akaikunja vizuri, akaiacha kwenye benchi juu ya kanga. Bila aproni alikuwa mwepesi, alikuwa karibu msichana. Akashika njia ya koridoni. Namfuata, na miguu yangu inakwenda kama iko ndani ya maji. Nyayo zake zinabaki sakafuni, nyeupe, za plasta mbichi, moja, nyingine, zinapita sinki, zinapita mlango wa Wauguzi. Hakusimama hapo. Akaenda mpaka mlango ulioandikwa Madaktari, akausukuma kwa bega kama mtu anayeingia chumbani kwake, akaingia.

Kicheko kikakatika.

Nimesimama nje, korido yote nyeupe nyayo, na ninavyomjua nikajua hatoki tena. Sikuwa na la kumpa isipokuwa lile la mwanzo. Nikaweka mdomo karibu na mbao ya mlango. "Shikamoo, Dokta."

Nikaegemeza paji la uso pale pale.

"Marahaba," akaitika, kutoka ndani. "Marahaba, mama."

Nikaamka.

Nguo za thieta zimenishika mwilini kwa jasho, mto umelowa. Dirisha limeanza kuwa la kijivu. Chumba changu kilivyo: kitanda kimoja, kiti kimoja chenye nyuzi zilizofungwa mguuni, na mimi. Dokta Felista alipoondoka, siku ile ya mazishi, sikuhisi kama nilivyohisi asubuhi ile. Siku ya mazishi nilikuwa na la kusema. Sasa alikuwa ameondoka na maneno yangu, ameniachia ya kwake.

Na ukutani: ko, ko, ko.

Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe, ngumi imeshafungwa, kama kila alfajiri. Nikaiangalia ile ngumi. Nikaishusha. Nikatoka peku, nikabisha mlango wa jirani.

Hawa akafungua kidogo. Ana ushungi wa swala bado kichwani, nyundo mkononi, na nyuma yake naona fupa la paja la ng'ombe limefungwa kwa kamba kwenye meza ya kusomea. Meza yenyewe ameikata miguu. Ameikata kwa msumeno, iwe chini, imfike yeye kiunoni. Sijui aliikata lini. Tumegawana ukuta muda wote huo.

"Samahani, dada," akasema. "Naacha."

"Usiache."

Akanitazama. Nilikuwa na macho mekundu na nywele za ajabu, nafikiri nilimtisha. Nikamwambia nimetumwa kwake. Akauliza na nani. Nikamwambia na Dokta, na sikuhitaji kutaja Dokta yupi.

"Kasema meza ishuke," nikamwambia. "Usipande wewe."

Hakupiga kelele, hakushika mdomo. Aliegemea mlango, nyundo ikaning'inia mkononi. Halafu akauliza kitu kimoja tu, kwa sababu Hawa ndivyo alivyo, akishapewa anatazama kama wewe umebaki na kitu.

"Na wewe, dada?"

"Watoto."

Nililisema neno lile kwa mara ya kwanza kwa mdomo wangu, na papo hapo nikamsikia Elisante anavyopaliwa, nikamsikia bingwa wa magoti, nikawaona wanatikisa vichwa kwa wema wao, si tulisema. Liliniuma. Bado linauma. Lakini gumba langu la kulia, pale mlangoni, lilikuwa limejikunja lenyewe kama limeegemea kitu kidogo kilicho hai.

Nikarudi chumbani, nikavua zile nguo za jana. Nyuma ya ukuta akaanza tena. Nikakaa kitandani, nikamwacha agonge.